Wavuvi wa Ishango: Historia Iliyozikwa Kando ya Maji

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona ni vyema tutoke kidogo katika uwanja wa sarufi na fasihi tuingie katika historia, tena historia ya kale sana, ile ambayo haikuandikwa na mtu bali ilihifadhiwa na udongo. Wanafunzi wanaojiunga na idara yetu hapa Kimironko, wanapoombwa kuandika insha kuhusu historia ya Afrika Mashariki, wengi wao huanzia pwani: majahazi, pepo za msimu, Kilwa, Lamu na Zanzibar. Wachache huanzia kwa Gihanga na masimulizi ya kuasisiwa kwa ufalme wa Rwanda. Karibu wote huyaruka maelfu ya miaka yaliyotangulia, kana kwamba kabla ya jahazi la kwanza na mfalme wa kwanza eneo hili la Maziwa Makuu lilikuwa tupu.

Halikuwa tupu. Upande wa pili wa milima ya volkeno, katika nchi jirani ya Kongo, kuna mahali panapoitwa Ishango ambapo watu waliishi kando ya maji, wakavua samaki kwa vyusa vya mfupa, wakala, wakazikana, na wakaacha nyuma yao mfupa mmoja mdogo uliochanjwa mikato ambayo wataalamu wa hisabati wanaijadili hadi leo. Mfupa huo unajulikana sana huko Brussels, lakini haujulikani sana katika madarasa yetu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza uchimbuzi wa Ishango ulivyofanyika, mambo yaliyopatikana na mjadala uliofuata. Baadaye tutatazama upande wetu wa milima na kuuliza swali linalotuhusu moja kwa moja: ikiwa udongo wa kando ya maji huhifadhi historia kiasi hicho, sisi tunaifanyia nini ardhi oevu yetu?

Ishango ilipo

Ziwa Edward liko katika mpaka wa Kongo na Uganda. Upande wake wa kusini linapokea maji ya mto Rutshuru, na upande wa kaskazini maji hayo hutoka kwa njia ya mto Semliki yakielekea Ziwa Albert na hatimaye Nile. Ishango ipo pale pale ambapo Semliki inaachana na ziwa. Ni mahali pa kufaa kwa mvuvi: ziwa mbele, mto ubavuni, viboko majini na wanyama wa mbugani nyuma yake.

Eneo hilo leo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979 na kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1994. Inafaa Wanyarwanda wakumbuke kwamba hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ilipanuliwa mwaka 1929 ikachukua pia upande wa Rwanda wa milima ya volkeno. Kwa hiyo, wakati Ishango ilipochimbuliwa, eneo hilo na misitu ya Karisimbi na Bisoke vilikuwa ndani ya hifadhi moja. Mpaka wa leo ulikuja kuvitenga baadaye.

Uchimbuzi wa mwaka 1950

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu mabaki ya Ishango alikuwa Hubert Damas, mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, aliyefika huko mwaka 1935 kuchunguza viumbe wa majini. Hakwenda kutafuta watu wa kale, lakini alikuta mabaki ya binadamu na vyusa vya mfupa. Miaka 15 ikapita. Mwaka 1950 akaja Jean de Heinzelin de Braucourt, mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyezaliwa mwaka 1920, naye akachimbua mahali hapo kwa utaratibu. Ripoti yake kamili ilichapishwa mwaka 1957.

Tunapenda kueleza kidogo kazi ya uchimbuzi, kwa sababu wengi hudhani ni kazi ya kuchimba mashimo na kutafuta vitu vya ajabu. Sivyo. Mchimbuzi husoma ardhi kama sisi tunavyosoma hati. Ardhi iliyotulia hupangika kwa matabaka: lililo chini ni la kale zaidi, lililo juu ni la karibuni. Kwa sababu hiyo hachimbi ovyo. Hugawa uwanja katika miraba, huondoa udongo tabaka kwa tabaka, hupitisha udongo katika chekecheo ili hata mwiba wa samaki usipotee, na huandika kila kitu kilipokuwa kabla ya kukiondoa. Kitu kilichong'olewa bila kuandikiwa mahali pake ni sawa na neno lililokatwa kutoka katika sentensi: unaliona, lakini huwezi tena kujua lilikuwa linasema nini.

Kwa njia hiyo de Heinzelin aliweza kuona mabadiliko ya wakati. Katika matabaka ya chini vyusa vilikuwa na meno pande zote mbili. Katika matabaka ya juu vilikuwa na meno upande mmoja tu. Mtu anayekiangalia chusa kimoja hawezi kuona badiliko hilo, kwani linaonekana tu pale kila chusa kinapojulikana kilitoka tabaka gani. Pamoja na vyusa alipata zana za mawe, mawe ya kusagia, mifupa ya samaki na ya wanyama waliowindwa, makombe ya viumbe wa majini na mabaki ya watu wenyewe. Pia majivu ya volkeno yamo katika ardhi ya huko, jambo ambalo halitushangazi sisi tunaoishi jirani na Nyiragongo.

Picha inayojitokeza ni ya kijiji cha wavuvi. Hawakuwa na chuma, hawakuwa na mifugo wala mashamba, lakini hawakuwa watu wa kubahatisha. Kutengeneza chusa chenye meno yaliyoelekea nyuma, ili samaki akichomwa asichomoke, ni kazi inayohitaji ustadi, subira na ujuzi wa tabia ya samaki.

Suala la umri

De Heinzelin alikadiria kwamba watu wa Ishango waliishi hapo kati ya mwaka 9000 na mwaka 6500 kabla ya Kristo. Lakini kupima umri wa vitu vilivyokaa katika maji ya ziwa la volkeno ni kazi ngumu, kwa sababu kombe linaweza kunyonya kaboni ya kale kutoka katika maji na kuonekana kuwa na umri mkubwa kuliko ulio wake. Kwa hiyo vipimo vya mwanzo vilivyoonyesha umri mkubwa zaidi vilitiliwa shaka.

Katika miaka ya 1980 watafiti walirudi katika bonde la Semliki, wakiwemo Alison Brooks na John Yellen kutoka Marekani. Utafiti wao ulirudisha nyuma umri wa Ishango hadi takriban miaka 20,000 hadi 25,000 iliyopita. Tena, kilomita chache kutoka hapo kwa kufuata mto, mahali panapoitwa Katanda, walipata vyusa vingine vya mfupa pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vyusa vya Katanda vina umri wa takriban miaka 90,000. Umri huo umepingwa na baadhi ya wataalamu, hasa kwa kuwa zana za namna hiyo hazikutarajiwa katika wakati wa mbali kiasi hicho, lakini watafiti hao waliutetea kwa vipimo vya njia zaidi ya moja.

Hata tukiuacha mjadala wa Katanda pembeni, Ishango pekee inatosha kututafakarisha. Miaka 20,000 ni mara kumi ya muda uliopita tangu kuzaliwa kwa Kristo. Wakati huo barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini.

Mfupa wenye mikato

Sasa tuuangalie mfupa uliolipa jina la Ishango umaarufu. Una urefu wa takriban sentimita kumi, ni wa rangi ya kahawia, na kwa kawaida huelezwa kuwa mfupa mwembamba wa mguu wa nyani, ingawa wapo wanaoona kwamba mnyama wenyewe hawezi kujulikana kwa hakika. Katika ncha moja umechomekwa kipande kidogo cha jiwe gumu la kwatsi. Ubavuni una mikato iliyopangwa katika makundi, na makundi hayo yamo katika safu tatu.

Kwa hesabu iliyozoeleka, safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Safu ya katikati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Msomaji akijumlisha mwenyewe ataona kwamba safu ya kwanza inatoa 60, ya pili nayo inatoa 60, na ya katikati inatoa 48. Jumla kuu ni 168.

De Heinzelin aliona kwamba mpangilio huo si wa bahati. Katika safu ya katikati 3 inafuatwa na 6, 4 inafuatwa na 8, na 10 inafuatwa na 5, kana kwamba mtu alikuwa akizidisha na kugawanya kwa mbili. Katika safu nyingine namba zinakaa karibu na kumi na ishirini: 11 na 9 zinaizunguka kumi, 21 na 19 zinaizunguka ishirini. Na katika safu ya kwanza zimo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Akadhani kwamba watu hao walikuwa na mchezo wa hesabu, na kwamba ujuzi wao ulisafiri pamoja na vyusa kufuata Nile hadi Khartoum na Misri.

Mwaka 1972 Mmarekani Alexander Marshack akaja na maelezo mengine. Kwake mikato hiyo ni kalenda ya mwezi mwandamo ya karibu miezi sita. Wengine wameona humo mfumo wa kuhesabu kwa kumi na mbili, hasa baada ya mfupa wa pili wa Ishango, ambao nao ulipatikana na de Heinzelin, kuwekwa hadharani mwaka 2007. Na wapo wanaosema kwamba mikato ilitiwa ili mshiko usiteleze mkononi, basi.

Tuseme nini sisi tusio wanahisabati? Tunaweza angalau kupima hoja. Miezi sita ya mwezi mwandamo ni siku 177, na mikato ni 168. Pengo la siku tisa si dogo kwa kalenda. Namba tasa nazo zinahitaji dhana ya kugawanya kwa kila namba iliyo ndogo zaidi, na mfupa wenyewe hauonyeshi popote kwamba dhana hiyo ilikuwapo. Safari ya ujuzi kwenda Misri ilikuwa hoja rahisi wakati Ishango ilipodhaniwa kuwa na umri unaokaribiana na wa Khartoum ya kale. Umri uliporudishwa nyuma hadi miaka 20,000, pengo la maelfu ya miaka likafunguka katikati, na hoja hiyo ikapungua nguvu. Hata hivyo, makundi yaliyotenganishwa kwa makusudi na yanayojirudia kwa mara mbili yanabaki pale pale, na ni vigumu kuyaeleza kwa mshiko peke yake.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tumeona mara nyingi Ishango ikitajwa katika hotuba na makala kama "mwanzo wa hisabati duniani". Tunaelewa hamu hiyo. Watu walioambiwa kwa muda mrefu kwamba hawana historia hushika kwa mikono miwili chochote kinachowapa heshima. Lakini heshima iliyojengwa juu ya dai kubwa kuliko ushahidi huporomoka siku dai linapopingwa. Yaliyo hakika yanatosha: wavuvi wa Maziwa Makuu, miaka 20,000 iliyopita, waliweka kumbukumbu ya idadi fulani kwa alama zilizopangwa. Hatuhitaji kuongeza chumvi.

Namba katika lugha zetu

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kuchangia. Kule kuzidisha kwa mbili ambako de Heinzelin alikuona katika mfupa kumo pia katika lugha zetu za Kibantu. Tazama namba ya sita. Kiswahili cha leo kinatumia sita, neno lenye asili ya Kiarabu, lakini Kiswahili cha zamani kilikuwa na tandatu, nacho Kinyarwanda kinasema gatandatu. Wanaisimu wengi hulieleza neno hilo kuwa ni tatu iliyorudiwa: tatu na tatu. Nane vilevile huelezwa kuwa ni nne iliyorudiwa, na ndiyo maana bado tunaisikia sauti ya n mara mbili ndani yake. Kinyarwanda nacho kina umunani. Kwa hiyo 3 na 6, 4 na 8, jozi zile zile zilizo katika safu ya katikati ya mfupa, zimefichwa katika maneno tunayoyatamka kila siku sokoni.

Tutahadhari. Lugha za Kibantu zilifika katika eneo hili takriban miaka 2,500 iliyopita, na wavuvi wa Ishango walikwisha kutoweka maelfu mengi ya miaka kabla yake. Hatuwezi kusema kwamba walitupatia maneno hayo. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu anayehesabu kwa vidole, awe wa kale au wa leo, hupata wepesi katika kurudia: tatu mkono huu, tatu mkono ule. Akili ya binadamu ilipita njia hiyo hiyo zaidi ya mara moja.

Hadhari hiyo hiyo inahusu jina lenyewe. Baadhi ya wanafunzi, wakisikia Ishango, hukumbuka mara moja neno la Kinyarwanda igishanga, yaani kinamasi, na kuhitimisha kwamba maneno hayo ni mamoja. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Anayetaka kuthibitisha uhusiano wa maneno hana budi kuonyesha mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni, kwa mfano jinsi a ya mwisho ilivyogeuka o. Na hata kama siku moja uhusiano huo utathibitishwa, jina hilo bado litakuwa ni la wenyeji wa karibuni. Jinsi wavuvi wa kale walivyopaita mahali pao hakuna udongo uliolihifadhi.

Yanakokwenda maji ya Kigali

Msomaji anaweza kusema kwamba Ishango ni ya Kongo, si ya kwetu. Basi tufuate maji yetu. Mvua inyeshayo Kimironko huteremkia mabondeni na kuishia katika Nyabarongo, ambayo huungana na Akanyaru na kuendelea hadi kuwa Akagera. Akagera hupita Rusumo, hufuata mpaka wa Tanzania, hugeuka mashariki na kumwaga katika Ziwa Viktoria. Katika mto huo, upande wa Uganda na Tanzania ambako huitwa Kagera, kuna kisiwa kiitwacho Kansyore. Uchimbuzi uliofanyika huko, ambao ripoti yake ilichapishwa mwaka 1967, ulileta vigae vya vyungu vilivyotiwa nakshi za kuchomachoma, na aina hiyo ya vyungu ikapewa jina la kisiwa hicho.

Baadaye vyungu vya Kansyore vilipatikana sehemu nyingi za kando ya Ziwa Viktoria, hasa magharibi mwa Kenya, na vingine vina umri wa karibu miaka 8,000. Vitabu vya shule vilizoea kutufundisha kwamba vyungu huja pamoja na kilimo: mtu hulima kwanza, hutulia, ndipo hufinyanga chungu. Watu wa Kansyore hawakuifuata ngazi hiyo. Walikuwa wavuvi, wawindaji na waokota makombe, na walifinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya jembe la kwanza kufika. Katika majaa yao ya makombe na mifupa, watafiti wameona dalili kwamba walihama kufuata majira: msimu wa samaki kupanda mto walikaa kwenye maporomoko, na msimu mwingine walikaa ufuoni mwa ziwa. Mwaka 1974 mwanahistoria J. E. G. Sutton aliandika kuhusu ustaarabu wa watu wa majini ulioenea katikati ya Afrika nyakati ambazo mvua ilikuwa nyingi. Baadhi ya hoja zake zimerekebishwa, lakini wazo kwamba maji yalikuwa msingi wa maisha ya watu wengi kabla ya kilimo limebaki na nguvu.

Baada yao ndipo walipokuja watu wa vyungu vya Urewe, waliolima na kuyeyusha chuma, ambao mabaki yao yamejaa Rwanda. Mfano unaostahili kufundishwa ni kaburi la Kabusanze, wilayani Huye, lililochunguzwa na timu ya John Giblin na kukadiriwa kuwa la miaka ya 400 baada ya Kristo. Uchunguzi wa mbegu zilizoungua kutoka maeneo kadhaa ya Rwanda umeonyesha pia kwamba ulezi na mtama vina historia ndefu katika vilima vyetu.

Kwa nini ardhi oevu

Sasa tunafika kwenye jambo linalotusukuma kuandika. Maji ni mhifadhi wa ajabu. Penye udongo mkavu, mti huoza, kamba huoza, ngozi huoza, na mchimbuzi hubaki na mawe na vigae. Penye udongo uliolowa daima, hewa haipiti, wadudu na vijidudu vya kuozesha hawafanyi kazi, na hata kipande cha mti kinaweza kudumu.

Mfano mkubwa kuliko yote upo katika mpaka wa Zambia na Tanzania, kwenye maporomoko ya Kalambo. Mahali hapo palichimbuliwa kuanzia miaka ya 1950 na J. Desmond Clark. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham ilitangaza kwamba katika mchanga uliolowa kando ya mto huo imepata magogo mawili yaliyounganishwa kwa kuchongwa ili moja likae juu ya lingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Waliochonga magogo hayo waliishi kabla ya binadamu wa aina yetu kutokea. Kama udongo ule ungekauka mara moja tu katika muda huo wote, leo tusingekuwa na habari zao.

Ulaya nako kuna mfano, na huo ni wa kutahadharisha. Kati ya mwaka 1949 na 1951, yaani wakati ule ule de Heinzelin alipokuwa Ishango, Grahame Clark alichimbua makazi ya kando ya ziwa la kale huko Star Carr, Uingereza, akapata mamia ya vitu, zikiwemo ncha zenye meno 191 zilizochongwa kutokana na pembe za kulungu. Watafiti waliporudi kuanzia mwaka 2004 walikuta kwamba eneo hilo, baada ya kukaushwa kwa ajili ya kilimo, linaharibika kwa kasi. Mifupa na pembe ambazo zilikuwa imara wakati wa Clark zilikuwa zimelainika. Kilichodumu miaka zaidi ya 10,000 kilikuwa kikiangamia katika maisha ya mtu mmoja.

Tuangalie mabonde yetu. Kinamasi cha Rwanda kina kazi nyingi: kinalimwa mpunga na miwa, kinatoa udongo wa matofali, na katika Rusizi na Gisagara nyiramugengeri, ule udongo mweusi unaowaka, umechimbwa ili kuzalisha umeme. Hatusemi kwamba watu wasile wala wasipate umeme. Tunasema kwamba nyiramugengeri ni mimea iliyolala bila kuoza kwa maelfu ya miaka, na palipohifadhika jani panaweza kuhifadhika mtumbwi, mtego wa samaki au mpini wa jembe. Kikishaingia katika tanuru hakirudi. Kigali yenyewe imeanza kuyarudishia baadhi ya mabonde uhai wake. Bustani ya Nyandungu, isiyo mbali na hapa Kimironko, ilifunguliwa mwaka 2022 baada ya kinamasi kilichokuwa kimeharibika kutengenezwa upya. Watu huenda huko kutembea na kutazama ndege. Hatua hiyo inalinda pia kilichomo chini ya maji, hata kama hakuna aliyeiandika sababu hiyo kwenye kibao cha mlangoni.

Lugha ya kuielezea historia hii

Karibu kila tulichokieleza hapo juu kiliandikwa kwanza kwa Kifaransa au Kiingereza. Mfupa wa Ishango upo katika Taasisi ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji huko Brussels. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha baadhi ya mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, na mwaka huo huo Mfalme Philippe alikabidhi kinyago cha Kakuungu huko Kinshasa, kwa mkopo usio na kikomo. Mjadala wa vitu hivyo utaendelea, nao una wenyewe. Lakini maarifa hayahitaji kungoja sheria. Yanaweza kurudi leo kwa njia ya lugha.

Na lugha tunayo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Kiswahili kinasemwa katika vijiji vya wavuvi vya Ziwa Edward kama kinavyosemwa Rubavu na Mwanza. Wapo wanaodai kwamba hakina istilahi za sayansi kama hii. Msomaji na arudie kurasa hizi aone tulivyopita bila kukwama: chusa na meno yake, kigae, tabaka, chekecheo, jaa, mikato, zana, mabaki. Chusa hasa ni neno la wavuvi wa pwani ambalo kamusi zetu zimelihifadhi, na linakitaja kitu cha Ishango kwa usahihi kuliko maelezo marefu. Palipokosekana neno, kama kaboni au jiolojia, tumelikaribisha na kulivika viambishi vyetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba Ishango ilichimbuliwa mwaka 1950, kwamba umri wake umerudishwa nyuma hadi takriban miaka 20,000, na kwamba mfupa wake unastahili kusomwa kwa heshima na kwa uangalifu pia. Tumeona kwamba Kansyore, katika mto unaobeba maji ya Kigali, ina historia ya wavuvi waliotangulia wakulima. Na tumeona kwamba udongo uliolowa huitunza historia hiyo kwa masharti, sharti la kwanza likiwa ni kuachwa umelowa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, walimu wa Kiswahili waziingize mada hizi katika mazoezi ya ufahamu, tafsiri na insha, ili mwanafunzi ajifunze lugha na historia ya eneo lake kwa wakati mmoja. Pili, wanafunzi wetu wanaotoka katika familia zinazolima mabondeni wawaeleze wazazi na majirani kwamba kigae chenye nakshi au mti mweusi uliochongwa, ukionekana shambani, usitupwe wala kung'olewa haraka. Pazungushiwe alama, na viongozi wa mtaa waarifiwe ili habari ifike Inteko y'Umuco, taasisi iliyoundwa mwaka 2020 na ambayo inashughulikia makumbusho na lugha chini ya paa moja.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtu hawezi kuishika asili asiyoijua, na sehemu kubwa ya asili ya watu wa Maziwa Makuu bado haijachimbuliwa. Majembe ya masika yajayo yataifikia sehemu yake nyingine. Aliyeshika jembe ndiye atakayeiona kwanza, kabla ya mtaalamu yeyote, naye anahitaji kuelezwa mapema, kwa lugha anayoielewa.